Sauti mabinti wetu wanazo, wapewe vyombo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nimjibu msomaji mwenzangu wa Iringa, ambaye majuma mawili yaliyopita aliandika kwamba alimkuta binti wa ndugu yake akitazama kwenye simu video ya wanawake wanaopiga magitaa kwa kishindo na kuimba kwa kunguruma, akaizima, akamwombea, kisha akawaonya wazazi wa Nyanda za Juu Kusini kwamba muziki huo, unaoitwa metali, ni laana iliyoletwa na wazungu na kwamba mwanamke anayenguruma haipendezi machoni pa Mungu wala pa watu. Barua yake niliisoma mara tatu. Sina ugomvi naye, na kwa jinsi alivyoandika naona ni mzazi mwenye uchungu wa kweli; lakini mimi ni mwanamke wa miaka 57, mama wa watoto wanne, mwanakwaya tangu utotoni na mpiga gitaa la besi kwa kuibia-ibia, na katika barua ile yamo mambo ambayo mtu aliyewahi kushika chombo cha muziki hawezi kuyaacha yapite hivi hivi.

Nianze na hilo la uzungu, kwa sababu ni jepesi. Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa reli ya TAZARA, iliyoanza kazi mwaka 1976, na kila aliporudi Mbeya kutoka upande wa Zambia alikuja na kanda. Katika kanda hizo gitaa halikulia kwa upole kama tulivyozoea katika muziki wa dansi wa Dar es Salaam, bali lilikwaruza, kwa kuwa wapigaji walilipitisha kwenye kidude cha kukanyaga kwa mguu ambacho kazi yake ni kuichafua sauti makusudi. Hao hawakuwa wazungu. Walikuwa vijana wa Lusaka na wa miji ya migodi ya shaba, wenye bendi kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family ya Paul Ngozi, na muziki wao leo unajulikana duniani kwa jina la Zamrock. Kwa hiyo kama ni laana, ilikwisha kupita Tunduma zamani, ikiwa imevaa suruali ya bugaluu na kuzungumza Kibemba, na hatukusikia kwamba mtu yeyote aliombewa kwa ajili yake. Bendi ya WITCH ilinyamaza miaka mingi, ikafufuka, ikatoa albamu mpya mwaka 2023, na mbele ya jukwaa lake sasa wanasimama pia wanawake wawili, Theresa Ng'ambi na Hanna Tembo.

Hilo la pili, la kupendeza na kutopendeza, ndilo linaloniuma, na mhariri aniwie radhi nikilieleza kwa kisa changu mwenyewe. Mwaka 1985 kwaya yetu, ambayo sitaitaja, ilipata magitaa mawili ya umeme na amplifaya moja. Mimi nilikuwa sauti ya pili. Katika mazoezi nilikaa upande wa wapigaji, nikawa natazama vidole vya kaka aliyepiga besi mpaka nikazijua nyimbo zote bila kufundishwa na mtu. Jumapili moja kaka huyo aliamka na malaria, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine nililichukua gitaa, nikapiga nyimbo mbili mbele ya usharika mzima bila kukosea. Baada ya ibada kiongozi aliniita pembeni na kuniambia, kwa upole ambao ningeweza kuusahau kama angekuwa amenifokea, kwamba nimepiga vizuri sana lakini haipendezi. Hakusema nimekosea. Jumapili iliyofuata besi haikupigwa kabisa, kwa sababu kaka bado alikuwa mgonjwa, na usharika ukaona ni heri wimbo upungue kuliko kumwona msichana amejifunga mkanda wa gitaa begani.

Ndiyo maana binti yangu wa mwisho, aliyerudi likizo kutoka chuoni, aliponionyesha wanawake hawa ambao mwenzangu wa Iringa anawaogopa, mimi sikuona laana. Niliona watu ambao waliambiwa neno lile lile nililoambiwa mimi, kwa lugha nyingine, wakaendelea kupiga.

Tena wa kwanza katika mlolongo huo alikuwa mwanamke wa kanisani. Sister Rosetta Tharpe alizaliwa mwaka 1915 huko Cotton Plant, jimbo la Arkansas, Marekani. Mama yake alikuwa mwinjilisti, na yeye alianza kupiga gitaa mbele ya waumini akiwa mtoto mdogo. Alipokuwa mtu mzima alilichomeka gitaa lake kwenye umeme na kulipiga kwa ukali ambao wanaume waliokuja baadaye na kuitwa wafalme wa rock and roll walikiri kwamba waliuiga. Ipo filamu fupi ya mwaka 1964 iliyopigwa katika kituo cha treni kisichotumika mjini Manchester, Uingereza: watazamaji wamekaa upande mmoja wa reli, yeye yuko upande wa pili amevaa koti zuri, mvua imetoka kunyesha, naye anapiga solo huku akitembea kana kwamba yuko sebuleni kwake. Mtu wa Tukuyu ataielewa hali ile ya hewa bila kuelezwa. Wamarekani walichelewa mpaka mwaka 2018, miaka 45 baada ya kifo chake, ndipo wakamwingiza katika jumba lao la heshima la muziki wa roki.

Baadaye ikaja panki, roki ya haraka na ya makelele. Ilizuka katikati ya miaka ya 1970, New York na London, na shabaha yake ilikuwa kwamba mtu mwenye jambo la kusema asisubiri mpaka awe bingwa wa chombo. Ajue mikao mitatu ya vidole kwenye gitaa, apande jukwaani. Kizingiti kikiwekwa chini kiasi hicho, waliozuiwa kwa muda mrefu ndio wanaoingia kwa wingi. Aliyenigusa kuliko wote ni binti aliyejiita Poly Styrene, jina lake halisi Marianne Elliott, ambaye mama yake alikuwa Mwingereza na baba yake Msomali, yaani mtu wa pwani hii hii yetu ukipanda kaskazini. Mwaka 1976 alianzisha bendi ya X-Ray Spex, akasimama jukwaani na nyaya za kunyooshea meno mdomoni, nywele zake za Kiafrika zikiwa zimeachwa zilivyo, na wimbo wake wa mwaka 1977 uliomtangaza unaanza kwa kuukejeli msemo wa Waingereza kwamba watoto wa kike waonekane lakini wasisikike. Halafu anapiga ukunga. Neno hili, ukunga, nimelichagua kwa makusudi, na nitalirudia.

Katika jiji hilo hilo la London walikuwapo The Slits, mabinti ambao mwimbaji wao, Ari Up, alianza akiwa na miaka 14, na mpiga dramu wao, Mhispania aliyeitwa Palmolive, alizipiga ngoma kana kwamba anatwanga. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1979, ilisimamiwa studioni na Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados, na ndani yake rege na panki vimechanganyika mpaka huwezi kuvitenganisha. Walilipa gharama. Ari Up aliwahi kuchomwa kisu mtaani na mtu aliyechukizwa na mwonekano wake, na wingi wa nguo alizovaa ndio uliomsaidia asiumie zaidi. Wapo na wengine wengi wa wakati ule, kama Alice Bag wa Los Angeles, binti wa wahamiaji kutoka Meksiko, ambaye baadaye akawa mwalimu wa shule ya msingi. Lakini barua hii haitawatosha.

Jambo moja la miaka ya 1990 siwezi kuliruka, kwa kuwa linahusu pia kumbi zetu. Bendi ya Bikini Kill, iliyoanzishwa mwaka 1990 mjini Olympia, jimbo la Washington, ilikuwa na mwimbaji aitwaye Kathleen Hanna. Aliona kwamba katika maonyesho ya panki wanaume husukumana mbele ya jukwaa mpaka wasichana wote wanajikuta ukutani nyuma, wamewashikia wenzao makoti. Akawa anasimamisha muziki na kuwaambia wasichana waje mbele, wanaume warudi nyuma. Nimekwenda kwenye matamasha ya Uwanja wa Sokoine na mikutano ya injili ya Ruanda Nzovwe mara nyingi, na kila mara nimewaona mabinti wamesimama pale pale walipokuwa wa Olympia, pembezoni, wamewashikia kaka zao simu na majaketi.

Sasa nije kwenye kunguruma kwenyewe, maana hapo ndipo hofu ya mwenzangu ilipojikita.

Hevi metali, yaani roki nzito ya magitaa yanayokwaruza, ilizaa watoto wakali, thrashi, dethi metali na bleki metali, ambao kasi yao inazidi mipigo 200 kwa dakika (vijana wa singeli wa Manzese na Tandale hawatashangaa) na ambao uimbaji wao si wa kupanda na kushuka kwa noti bali wa kunguruma au kupiga ukunga. Anayesikia kwa mara ya kwanza hudhani mwimbaji anajipasua koo. Hajipasui, au tuseme akijipasua hamalizi mwaka. Juu ya nyuzi za sauti tunazotumia kuzungumza kuna mikunjo mingine miwili ya nyama, ambayo kwa kawaida hulala tu. Mwimbaji wa mtindo huu hujifunza kuiamsha itetemeke, huku pumzi ikisukumwa kutoka tumboni na koo likiachwa wazi bila kukazwa. Yuko mwalimu wa sauti mjini New York, Melissa Cross, anayejulikana kwa kazi hiyo hiyo ya kuwafundisha waimbaji kupiga kelele usiku baada ya usiku bila kuharibu koo. Nimefanya kwaya miaka zaidi ya 40, na mafunzo yake ya pumzi hayatofautiani na yale tuliyopewa na walimu wetu: simama wima, jaza tumbo hewa, usilibane koo. Wapiga debe wa stendi ya Nane Nane hukauka sauti kabla ya saa nne asubuhi kwa sababu hakuna aliyewafundisha hili. Na wahubiri wetu wa mikutano ya wiki nzima, ambao kufikia Ijumaa wanakoroma kiasi kwamba maneno yao hayasikiki, wangefaidika sana na mwalimu kama huyo. Wala sijasikia mtu akisema kwamba mkoromo wao unatoka kuzimu.

Katika uwanja huo wanawake wamekuwapo tangu mwanzo. Mjerumani Sabina Classen alijiunga na bendi ya Holy Moses mwaka 1981, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa duniani kuimba metali kwa kunguruma, na ameifanya kazi hiyo miongo minne. Mjerumani mwenzake, Angela Gossow, aliingia katika bendi ya Arch Enemy ya Uswidi kuchukua nafasi ya mwanaume, na albamu yake ya kwanza nao ikatoka mwaka 2001. Binti yangu alinisikilizisha wimbo mmoja bila kunionyesha picha, akaniuliza mwimbaji ana umri gani. Nikajibu kwamba mzee huyo hajapungua miaka 50 na ana kifua kipana. Aliponigeuzia simu nikamwona mama mwembamba mwenye nywele ndefu za njano, nikacheka mpaka nikatoa machozi. Gossow alipoacha kuimba mwaka 2014 hakutupwa nje. Akawa meneja wa bendi ile ile, na aliyempokea maikrofoni alikuwa mwanamke mwingine, Alissa White-Gluz wa Kanada.

Mimi, hata hivyo, kwa kuwa ni mtu wa besi, wangu ni Jo Bench. Huyu aliingia Bolt Thrower, bendi ya dethi metali ya mji wa Coventry, Uingereza, mwaka 1987, akapiga besi humo mpaka bendi ilipovunjika mwaka 2016, karibu miaka 30. Sijamwona akiwekwa mbele kama pambo la kuuzia tiketi. Amesimama tu upande wake wa jukwaa, kichwa kimeinama, mkono wa kulia unafanya kazi isiyoisha, na ukilizima gitaa lake wimbo unabaki mifupa. Nimemtazama huyo mama mara nyingi kuliko inavyomfaa bibi wa wajukuu watatu. Ninapomtazama nahesabu: mwaka alioanza yeye, mimi nilikuwa nimekwisha kurudishwa sauti ya pili miaka miwili.

Mwenzangu wa Iringa ataniambia kwamba hao ni watu wa Ulaya na kwamba dini yao wanaijua wenyewe. Basi atazame Indonesia. Katika wilaya ya Garut, Java Magharibi, nchi ya milima ya volkano inayofanana na Rungwe yetu, mabinti watatu wa Kiislamu wa kijiji cha Singajaya walianzisha bendi mwaka 2014 wakiwa wanafunzi wa shule, baada ya mwalimu wao kuwasikilizisha metali. Majina yao ni Marsya, anayepiga gitaa na kuimba, Widi wa besi, na Siti wa dramu. Wanaitwa Voice of Baceprot. Neno hilo la mwisho, kwa Kisunda, ni mtu mwenye makelele. Wanapiga wamevaa hijabu. Walitukanwa, wakatishiwa, wakaambiwa na watu wazima wa kwao kila alichokiandika mwenzangu, nao wakajibu mwaka 2022 kwa wimbo ambao jina lake tu ni ombi kwa Mungu awaruhusu kupiga muziki. Mwaka huo huo walipanda jukwaa la Wacken, Ujerumani, ambalo ni miongoni mwa matamasha makubwa kabisa ya metali duniani, na mwaka 2024 wakawa bendi ya kwanza ya Indonesia kupiga katika tamasha la Glastonbury, Uingereza. Swala hawakuacha. Sijui ni laana ya namna gani inayomwacha mtu na kilemba chake kichwani na swala zake tano.

Nisionekane nawauzia wazazi mbuzi ndani ya gunia. Muziki huu una uchafu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 makanisa kadhaa ya kale ya mbao yalichomwa moto nchini Norway, na baadhi ya wanamuziki wa bleki metali wa huko wakafungwa kwa ajili ya moto huo na kwa mauaji pia. Wapo wanaume wa dethi metali walioandika nyimbo na kuchora majalada ambamo mwili wa mwanamke unakatwakatwa kama nyama buchani, na mzazi anayekataa kitu hicho kiingie nyumbani kwake namuunga mkono kwa mikono miwili. Ila nimeona kwamba walio mstari wa mbele kuukataa uchafu huo ni wanawake wenyewe walioingia humo, kwa kuwa anayeshika maikrofoni ndiye anayeamua wimbo uhusu nini. Slave to Sirens, bendi ya mabinti wa Lebanoni, au Nervosa, bendi ya wanawake iliyoanzishwa São Paulo, Brazili, mwaka 2010, huimba juu ya vita, wanasiasa walafi na unafiki. Ukiwafukuza hao, uwanja unabaki kwa wale wachoraji wa majalada.

Afrika nayo haiko nje. Huko Botswana, mashabiki wa metali wanaovaa ngozi nyeusi na kofia za wachunga ng'ombe wamejulikana kwa miaka mingi, na wanawake miongoni mwao wanajiita malkia. Antananarivo, Madagaska, kuna LohArano, bendi inayoitwanga metali pamoja na midundo ya tsapiky na salegy ya kwao, na anayeimba na kupiga gitaa mbele ni mwanamke. Kama suala ni chombo chenyewe, gitaa na saksafoni mikononi mwa mwanamke Mwafrika, basi Guinea ilikwisha kulijibu mwaka 1961, ilipoundwa bendi ya Les Amazones de Guinée, wanawake askari peke yao, kuanzia mwimbaji mpaka mpiga dramu.

Na hapa kwetu? Bi Kidude alipiga ngoma ya unyago mpaka uzeeni, akavuta sigara yake, akaimba kwa sauti iliyokwaruza kuliko gitaa la Paul Ngozi, na alipofariki mwezi Aprili 2013 taifa zima lilimlilia. Wanawake wa Kigogo hupiga muheme, ngoma wakiwa wamezibana kati ya magoti, kwa nguvu na kasi ambayo mpiga dramu wa metali angeketi kuisomea. Harusini tunapiga vigelegele, ulimi ukienda kama kinubi kilichoshikwa na homa, sauti ya juu kabisa ambayo koo la binadamu linaweza kuitoa, na hakuna bibi aliyemwambia mjukuu wake kwamba haipendezi. Msibani, Rungwe na Kyela, akina mama hulia kwa sauti inayosikika kilima cha pili. Mwanamke akivamiwa usiku hupiga ukunga na kijiji kizima hutoka na mapanga. Kwa hiyo ukelele wa mwanamke tunao, tena tumeupangia nafasi zake: furaha, kifo na hatari. Kinachomtisha mwenzangu wa Iringa, nadhani, ni kumwona anayeupiga akiwa hana harusi, hana msiba na hakuna aliyemvamia, bali ameamua tu, kwa hesabu na mazoezi, na mkononi ana chombo cha umeme.

Chombo ndicho ninachokiombea katika barua hii. Katika makanisa na kwaya za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe nilizotembelea, mabinti ni wengi kuliko wavulana katika sauti, lakini ukihesabu walioketi kwenye dramu, kinanda, solo na besi unaweza kumaliza Nyanda za Juu Kusini nzima kwa vidole vya mkono mmoja na bado ukabaki na kidole cha kujikunia. Msichana ataruhusiwa kayamba. Akionyesha ukorofi atapewa tari, kwa kuwa Miriamu aliishika. Somo la muziki halifundishwi katika shule nyingi, na palipo na bendi ya shule wavulana ndio wanaobaki jioni kufanya mazoezi wakati dada zao wanawahi nyumbani kuwasha moto. Studio zetu za Mwanjelwa na Soweto, hapa Mbeya, humrekodi binti sauti tu, juu ya mdundo uliotengenezwa na kaka kwenye kompyuta. Sisemi wote wapige metali. Wengi hawataipenda, na hata mimi nyimbo nne zikifuatana huomba chai. Nasema kwamba msichana aliyepewa gitaa atachagua mwenyewe kama ataliliza kwa upole au kwa kulikwaruza, na yule aliyenyimwa hana la kuchagua.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa kwaya wa madhehebu yote wajaribu jambo moja dogo: mpigaji akikosekana, wasitafute kaka wa kuazima kutoka usharika wa jirani kabla ya kuuliza ni binti gani ameketi karibu na vyombo akitazama vidole. Yupo. Yupo kila mahali. Nawaomba pia maofisa utamaduni wa mikoa yetu, wanapoandaa mashindano ya bendi za vijana, watenge muda wa mabinti kufanya mazoezi kwa vyombo hivyo hivyo mchana, wakati wa kurudi nyumbani bado salama.

Mimi mwenyewe nimeanza kwa kilichopo. Mwaka jana nilinunua gitaa la besi la mtumba na amplifaya iliyokuwa imekufa, fundi wa redio wa hapa Uyole akaifufua, na kila Jumamosi saa nane mchana mabinti wanne wa mtaa huja barazani kwangu. Mmoja anapiga dramu za ndoo za rangi na sufuria, maana dramu halisi hatuna, na kama kuna msomaji mwenye seti kuukuu stoo, hata kama ngozi zimepasuka, tutaichukua. Mwingine, wa kidato cha pili, vidole vimemtoka malengelenge na hataki kupumzika. Mkubwa wao ameanza kujifunza kunguruma. Kwa sasa anafanana na mbwa aliyekanyagwa, lakini pumzi anayo.

Namkaribisha mwenzangu wa Iringa aje siku yoyote akipita kwenda Tunduma, pamoja na yule binti wa ndugu yake. Aje na pamba za masikioni. Umeme ukikatika, kama unavyokatika, tutaendelea na ndoo.

Mama mpiga besi,
Uyole, Mbeya